Mwongozo Kamili wa Kuanza Mazoezi: Maneno ya Msingi na Jinsi ya Kuyafanyia Kazi

Karatasi ya mazoezi ikikuambia "kuchuchumaa, seti 3, marudio 10, pumziko sekunde 90, ukali 7", imekupa maagizo yote unayohitaji kwa dakika kumi zijazo. Asiyeyajua maneno hayo atachuchumaa tu mpaka achoke, kesho yake ashindwe kushuka ngazi, keshokutwa aache. Nimewaona wengi wakiacha hivyo, na karibu wote hawakupungukiwa na bidii. Walipungukiwa na kipimo. Maneno mengi ya mazoezi ni majina ya vipimo: unafanya nini, kwa uzito gani, kwa muda gani, mara ngapi kwa wiki, na unapumzika kiasi gani. Ukiyaelewa, unaweza kujipangia mwenyewe bila kumtegemea mtu.

Tafuta daftari na kalamu. Utavihitaji kuanzia hatua ya pili.

Hatua ya 1: Tofautisha shughuli, mazoezi na utimamu

Shughuli ya mwili ni kila mwendo unaotumia misuli na kuchoma nishati: kufagia, kubeba mtoto, kupanda ngazi, kutembea kwenda kazini. Mazoezi ni shughuli iliyopangwa, inayorudiwarudiwa, na yenye lengo la kujenga uwezo fulani. Utimamu wa mwili, ambao wengine huuita ukakamavu, ni uwezo wenyewe unaojengeka.

Kuna faida ya kuyatenganisha. Mtu anayenyanyua mizigo kutwa ana shughuli nyingi, lakini anaweza kuwa na bega moja lenye nguvu kuliko jingine na pumzi inayokatika akikimbia mita mia. Kazi yake inamchosha bila kumjenga kwa mpango. Kwa upande mwingine, shughuli ambayo hakuna anayeiita mazoezi nayo inahesabika. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris wa Uingereza na wenzake walichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva walikaa kutwa. Makondakta walipanda na kushuka ngazi za basi kutwa. Makondakta ndio waliopatwa kidogo na ugonjwa wa moyo.

Kuna neno la nne ambalo watu hulisahau: ukaaji. Unaweza kukimbia nusu saa alfajiri kisha ukakaa kitini saa kumi mfululizo. Hayo ni mambo mawili tofauti na yote mawili yanafanya kazi mwilini mwako. Inuka kila baada ya nusu saa hivi, hata kwa dakika mbili.

Hatua ya 2: Pima ulipo leo

Kwanza usalama. Ikiwa una ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu lisilodhibitiwa, kisukari, mimba, upasuaji wa karibuni, au ukitembea haraka huhisi kifua kubana, kizunguzungu au kupotewa na fahamu, zungumza na daktari kabla ya kuanza. Wengi wenye hali hizo huruhusiwa kufanya mazoezi, na mara nyingi huhimizwa, ila kwa mpango unaowafaa.

Kisha fanya vipimo vinne na uviandike na tarehe yake.

*Mapigo ya moyo ya mapumziko.* Asubuhi ukiamka, kabla hujatoka kitandani, weka ncha za kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba. Usitumie dole gumba kupima, maana lina mpigo wake na litakuchanganya. Hesabu kwa sekunde 30, zidisha kwa 2. Watu wazima wengi huwa kati ya 60 na 100 kwa dakika. Wanariadha wa mbio ndefu huweza kushuka hadi 40 na kitu, kwa sababu moyo uliozoea kazi husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, hivyo hauhitaji kupiga mara nyingi.

*Kukaa na kusimama.* Egemeza kiti imara ukutani. Kunja mikono kifuani, kisha simama wima na ukae tena, mara nyingi uwezavyo kwa sekunde 30. Hesabu zile tu ulizosimama wima kabisa.

*Mguu mmoja.* Karibu na ukuta wa kujishikiza, inua mguu mmoja na uhesabu sekunde. Kisha mguu wa pili. Usishangae miguu ikitofautiana.

*Kutembea dakika 6.* Chagua njia tambarare, tembea haraka uwezavyo bila kukimbia, na uweke alama ulipofika. Wanaokimbia tayari hutumia kipimo cha dakika 12, kilichotangazwa mwaka 1968 na Kenneth Cooper, daktari wa jeshi la anga la Marekani: unakimbia kadiri uwezavyo na kupima umbali.

Namba hizi usizipeleke kwa jirani kuzilinganisha. Utazilinganisha na zako mwenyewe baada ya wiki 8.

Hatua ya 3: Jua sehemu za utimamu

Mtu akisema "niko fiti", muulize: fiti kwa lipi? Utimamu una sehemu kadhaa, na kuwa hodari katika moja si dhamana ya nyingine.

Pumzi, au stamina, ni uwezo wa moyo, mapafu na mishipa ya damu kuifikishia misuli oksijeni kwa muda mrefu, na uwezo wa misuli kuitumia. Nguvu ni kiasi cha mzigo ambao msuli unaweza kuushinda kwa mara moja. Ustahimilivu wa misuli ni kurudia kazi ileile mara nyingi bila kusalimu amri. Anayeweza kunyanyua gunia zito mara moja ana nguvu, anayeweza kulima kwa jembe saa nzima ana ustahimilivu. Unyumbufu ni upana wa mwendo wa kiungo: je, unaweza kuinua mikono juu ya kichwa bila mgongo kupinda? Mizani ni kutoyumba. Muundo wa mwili ni uwiano wa misuli, mifupa na mafuta, na ndiyo maana mizani ya kupimia uzito haikwambii kila kitu. Unaweza kubaki na kilo zilezile huku suruali ikilegea kiunoni.

Wanamichezo huongeza kasi, wepesi wa kugeuka, uratibu wa jicho na mkono, na nguvu ya mlipuko, ile ya kuruka au kurusha. Anayeanza hahitaji kuvifuatilia hivyo sasa.

Ukinilazimisha nichague viwili vya kuanzia, nitachagua pumzi na nguvu. Mizani huboreka nguvu za miguu zinapopanda, na unyumbufu mwingi huja kwa kufanya mazoezi ya nguvu kwa upana kamili wa kiungo. Ila ukiwa na miaka 65 au zaidi, ipe mizani nafasi yake kamili, kwa sababu kuanguka ndiko kunakovunja nyonga.

Hatua ya 4: Jifunze kupima ukali

Hapa ndipo pana kiini cha mambo yote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Nilipoanza kukimbia, nilidhani mbio zisizoniacha nikihema si mbio. Kila siku nilikwenda kwa kasi yangu yote. Wiki ya tatu muundi wa mguu wa kulia ulianza kuuma, kwanza nikikimbia, halafu hata nikitembea, na nikakaa mwezi mzima bila kukimbia. Niliporudi, mtu aliyenizidi miaka na uzoefu alinipa sharti moja: nikimbie naye tukiongea. Nilipokosa pumzi ya kumjibu, alipunguza mwendo. Mara ya kwanza tulikwenda polepole mpaka wanaotembea wakakaribia kutupita. Miezi mitatu baadaye nilikuwa nakimbia dakika 40 nikiongea, jambo ambalo sikuwahi kulikaribia kwa zile mbio zangu za kufa na kupona.

Kile alichokitumia kinaitwa kipimo cha maneno, na hakihitaji kifaa chochote:

- Unaweza kuongea na kuimba: ukali mdogo.
- Unaweza kuongea sentensi nzima lakini huwezi kuimba: ukali wa wastani.
- Unatoa maneno mawili matatu halafu unavuta pumzi: ukali mkubwa.

Kipimo cha pili ni hisia ya juhudi. Mwanasaikolojia wa Sweden, Gunnar Borg, alitengeneza ngazi inayoanzia 6 na kuishia 20. Hesabu hiyo inaonekana ya ajabu mpaka ujue sababu: ukizidisha namba kwa 10 unapata makadirio ya mapigo ya moyo ya kijana mwenye afya, kutoka 60 hadi 200. Leo wengi hutumia ngazi rahisi ya 0 hadi 10, ambapo 0 ni kukaa, 5 hadi 6 ni wastani, 7 hadi 8 ni ukali mkubwa, na 10 ni mwisho wa uwezo wako.

Kipimo cha tatu ni mapigo ya moyo. Toa umri wako kwenye 220 upate makadirio ya mapigo ya juu kabisa. Mwenye miaka 40 anapata 180. Ukali wa wastani ni asilimia 50 hadi 70 ya hapo, yaani mapigo 90 hadi 126. Ukali mkubwa ni asilimia 70 hadi 85, yaani 126 hadi 153. Ichukue hesabu hii kama makadirio tu. Watu wawili wa umri mmoja wanaweza kutofautiana kwa mapigo kumi na zaidi, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu hushusha mapigo, kiasi kwamba namba hiyo inakosa maana kabisa. Saa ya mkononi ikibishana na pumzi yako, isikilize pumzi.

Kwa nini ukali ubadilishe kila kitu? Kwa sababu misuli ina njia tatu za kupata nishati. Ya kwanza ni akiba iliyo tayari ndani ya msuli. Inatosha takribani sekunde 10 za nguvu zote, kama kuukimbilia mlango wa basi. Ya pili huvunja sukari haraka bila kusubiri oksijeni, na hubeba kazi kubwa kwa dakika moja au mbili, ndipo misuli inapoanza kuwaka moto. Ya tatu hutumia oksijeni kuchoma sukari na mafuta. Ni ya polepole lakini inaweza kukubeba kwa saa nyingi. Zote tatu hufanya kazi kwa pamoja muda wote, kinachobadilika ni ipi inayobeba mzigo mkubwa. Zoezi linaloitegemea sana njia ya tatu huitwa la aerobiki: kutembea haraka, mbio za polepole, baiskeli, kuogelea, kuruka kamba kwa mwendo wa utulivu. Zoezi la anaerobiki huegemea zile mbili za kwanza: mbio fupi, kunyanyua vyuma vizito. Ukikimbia kwa kasi yako yote kila siku, unaijenga njia ya tatu kidogo sana, kwa sababu hudumu muda mfupi mno.

Hatua ya 5: Jua lengo la wiki

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wazima wafanye dakika 150 hadi 300 za ukali wa wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za ukali mkubwa, au mchanganyiko wa hizo mbili. Juu ya hapo, mazoezi ya kuimarisha misuli mikubwa yote, siku 2 au zaidi. Wenye miaka 65 na kuendelea waongeze mazoezi ya mizani na nguvu siku 3 au zaidi. Watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 kila siku.

Dakika hizo si lazima ziwe mfululizo. Dakika 8 asubuhi na 12 jioni ni 20. Na ikiwa leo uko sifuri, dakika 60 kwa wiki ni hatua kubwa. Usizidharau kwa sababu hazijafika 150.

Hatua ya 6: Msamiati wa mazoezi ya nguvu

Rudio ni mwendo mmoja kamili: kushuka na kupanda. Seti ni kundi la marudio unayofanya bila kupumzika. Pumziko ni muda kati ya seti na seti. Mzigo ni kile unachokishinda, iwe vyuma, ndoo, au uzito wako mwenyewe. Akiba ni idadi ya marudio ambayo bado ungeweza kuyafanya vizuri wakati unaacha. Na umbo ni namna mwili ulivyokaa wakati wa zoezi.

Sasa rudi kwenye ile karatasi ya mwanzo. "Ukali 7" katika mazoezi ya nguvu maana yake ni 10 kutoa akiba: unaacha ukiwa na marudio 3 mfukoni. Unachuchumaa mara 10, unahisi ungeweza kufika 13, unasimama. Unapumzika sekunde 90. Unarudia mpaka seti 3 zitimie. Ukiweza 20 kwa urahisi, mzigo ni mdogo. Ukiishia 6 huku magoti yakigongana, mzigo ni mkubwa.

Hakuna haja ya anayeanza kufika mpaka ashindwe. Faida ya marudio yale mawili ya mwisho ni ndogo, na ndiyo yenye umbo baya kuliko yote.

Mwili una miondoko mitano ya kuanzia:

*Kuchuchumaa*, ambako jimu wengi hukuita skwati. Miguu upana wa mabega, vidole vimetazama nje kidogo. Peleka makalio nyuma na chini kana kwamba unakitafuta kiti, magoti yafuate uelekeo wa vidole, visigino visinyanyuke. Anza na kiti halisi nyuma yako.

*Kuinama kwa nyonga.* Huu ndio mwondoko wa kuokota kitu chini bila kuumiza mgongo. Weka fimbo mgongoni iguse sehemu tatu: kisogo, mgongo kati ya mabega, na mfupa ulio juu ya makalio. Legeza magoti kidogo na usukume makalio nyuma. Fimbo ikiachana na sehemu moja, mgongo umepinda. Rudi juu uanze upya.

*Kusukuma*, yaani pushapu na ndugu zake. *Kuvuta*: mkono mmoja umeegemea kiti, mgongo umenyooka, mkono wa pili unavuta ndoo kuelekea kiunoni. *Kubeba*: shika ndoo mbili, tembea hatua 30 ukiwa wima, mabega yasielekee masikioni. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1, kwa hiyo ndoo ni chuma unachoweza kukipunguza na kukiongeza kwa kikombe.

Ngoja niisogeze pushapu karibu, kwa sababu ndiyo inayovunja watu moyo. Niliwahi kumsaidia mama wa miaka hamsini na kitu aliyeniambia kwamba yeye na pushapu ni mbingu na ardhi. Hatukwenda chini. Alisimama hatua moja kutoka ukutani, viganja ukutani kwenye usawa wa kifua. Akakunja viwiko mpaka pua ikakaribia ukuta, akajisukuma. Kosa la kwanza lilikuwa kiuno: kilitangulia mbele kabla ya kifua. Nikamwambia akaze makalio na tumbo kama mtu anayesubiri kupigwa ngumi ya tumbo, na mwili ukanyooka kama ubao. Kosa la pili lilikuwa viwiko, vilivyotanuka kama mbawa. Akavirudisha karibu na mbavu, na akasema bega limeacha kumvuta. Alipofikisha marudio 12 kwa seti 3, alihamia kwenye ukingo wa meza nzito. Baadaye kwenye kiti kilichoegemezwa ukutani, baadaye kwenye ngazi ya chini. Mwezi wa tano alifanya pushapu 2 sakafuni, vidole vya miguu chini, kifua kikigusa zulia. Mwili ni uleule. Kilichobadilika ni pembe, na kadiri mwili unavyolala ndivyo mikono inavyobeba uzito zaidi.

Huko kupanda ngazi kwa ngazi kuna jina: kuongeza mzigo hatua kwa hatua. Wagiriki wa kale walisimulia juu ya Milo wa Croton, mwanamieleka wa karne ya 6 kabla ya Kristo, aliyembeba ndama kila siku mpaka ndama akawa fahali. Hiyo ni hadithi. Katika miaka ya 1940, daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, alilifanya jambo hilo kuwa tiba: aliwapa askari waliojeruhiwa vyuma vya kunyanyua kwa seti za marudio 10, akiongeza uzito kadiri misuli ilivyopata nguvu. Kanuni unayoweza kuitumia leo: ukimaliza seti zote kwa marudio ya juu uliyopangiwa, mara mbili mfululizo, ongeza kidogo. Asilimia 5 hivi ya mzigo inatosha.

Kuna majina mengine matatu ya kanuni yanayofaa kukumbukwa. Umahususi: mwili hujenga kile unachoufanyia, baiskeli haikufundishi kuogelea. Ubinafsi wa mwili: dozi moja haileti matokeo sawa kwa watu wawili. Na kurudi nyuma: usipotumia, unapoteza, na pumzi huanza kupungua ndani ya wiki chache tu, wakati nguvu hukaa kidogo zaidi.

Kuhusu kupumua: toa pumzi unaposukuma au kunyanyua, vuta unaporudi. Kuibana pumzi kwa nguvu hupandisha shinikizo la damu ghafla, na mwenye tatizo la shinikizo asijaribu.

Hatua ya 7: Pasha mwili moto, kisha upoze

Kupasha misuli moto ni dakika 5 hadi 10 za mwendo mwepesi unaofanana na zoezi linalokuja. Kabla ya kukimbia, tembea kisha ongeza kasi, zungusha nyonga, inua magoti. Kabla ya kunyanyua, fanya seti moja nyepesi ya zoezi hilohilo.

Kujinyoosha kwa kutulia, kule kushikilia mkao kwa sekunde 30, ni kuzuri zaidi mwishoni, mwili ukiwa na joto. Ukikufanya kwa muda mrefu kabla ya kazi ya nguvu, huishusha nguvu kwa muda. Vuta mpaka uhisi msuli umekazika, siyo mpaka ukunje uso. Kupoza mwili ni dakika chache za kupunguza mwendo. Ukisimama ghafla baada ya mbio kali, damu hubaki miguuni na kichwa huzunguka.

Hatua ya 8: Mpango wa wiki 8

Wiki ya 1 na 2: tembea dakika 20, siku 4, kwa mwendo wa kuongea bila kuimba. Siku 2 zisizofuatana, tuseme Jumatatu na Alhamisi, fanya miondoko mitano, seti 1 ya marudio 8 hadi 10 kila mmoja. Wa kubeba unahesabu hatua. Utaona ni kidogo mno. Acha iwe hivyo. Mifupa na kano huchelewa kuzoea kuliko moyo na misuli.

Wiki ya 3 na 4: dakika 25 hadi 30, siku 4. Nguvu seti 2.

Wiki ya 5 na 6: dakika 30, siku 5. Hapo umefika 150. Siku moja kati ya hizo ingiza vipande: dakika 1 ya haraka, dakika 2 za polepole, mara 5. Nguvu seti 2 hadi 3. Usishangae ukiwa umepata nguvu bila misuli kuonekana kukua. Wiki za mwanzo ni ubongo unaojifunza kuziamsha nyuzi nyingi za msuli kwa wakati mmoja.

Wiki ya 7: seti 3, na pale panaporuhusu panda daraja moja la ugumu. Wiki ya 8: punguza kila kitu nusu. Hiyo ni wiki ya ahueni. Zoezi huuchosha mwili. Kujengeka kwenyewe hufanyika ukiwa umelala na kupumzika, na mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi.

Hatua ya 9: Tofautisha maumivu

Kuwaka kwa msuli wakati wa zoezi hupita ukipumzika. Maumivu ya kuchelewa huja saa 24 hadi 72 baada ya zoezi geni, msuli ukawa mzito ukiugusa. Wengi hulaumu asidi ya laktiki, lakini hiyo huwa imeshaondoka ndani ya saa moja au mbili; chanzo ni uharibifu mdogo ndani ya nyuzi za msuli, hasa kwenye mwendo wa kushuka. Tembea kidogo, endelea na maisha, yatapita.

Maumivu makali ya ghafla, ya sehemu moja unayoweza kuionyesha kwa kidole, au yaliyo ndani ya kiungo, ni mengine. Kiungo kuvimba baada ya kugeuka vibaya ni kuteguka. Msuli kukaza wenyewe kwenye kigimbi usiku ni mkazo wa msuli, unyooshe taratibu. Mfupa unaouma zaidi kila siku unapokimbia, acha kukimbia ukaonwe.

Simama mara moja na utafute msaada ukihisi kifua kubana, maumivu yanayopanda taya au mkono, kukosa pumzi kusiko kwa kawaida, au kuzimia. Na mkojo ukigeuka kahawia iliyokolea baada ya zoezi zito, nenda hospitali siku hiyohiyo. Misuli imevunjika kupita kiasi na figo ziko hatarini.

Maneno yanayopotosha

Jasho ni maji ya kupoza mwili, halipimi mafuta. Kuvaa plastiki ili utoke jasho zaidi ni kujipotezea maji na kujitafutia hatari ya joto. Kufanya sitapu mia hakuondoi kitambi. Mwili hauchagui kuchoma mafuta ya pale unapopafanyisha kazi, na nyama uzembe ya mkono nayo ni vivyo hivyo. Mwanamke anayenyanyua vyuma hawi na mwili wa pandikizi la mtu kwa bahati mbaya. Misuli mikubwa huchukua miaka ya kuitafuta kwa makusudi. Na zile hatua 10,000 kwa siku zilitokana na jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Kama leo unatembea 3,000, lengo lako la kwanza ni 4,000.

Kuhusu kalori, kuna kipimo kiitwacho METI. METI 1 ni nishati ya kukaa kimya, takribani kalori 1 kwa kila kilo ya mwili kwa saa. Kutembea haraka ni kama METI 4. Mwenye kilo 70 akitembea hivyo nusu saa: 4 mara 70 mara nusu, kalori 140. Ukiiona namba hiyo utaelewa kwa nini kupungua uzito kwa mazoezi peke yake huenda polepole, na kwa nini mimi humshauri mtu afuatilie pumzi na nguvu zake kwanza.

Wiki ya 8 ikiisha, rudia vipimo vinne kwa kiti kilekile, njia ileile, saa ileile. Pale palipopanda, endelea na uongeze kidogo. Pale palipobaki palepale, tazama daftari: mara nyingi utakuta zoezi hilo ndilo uliloliruka zaidi, au mzigo wake haujabadilika tangu wiki ya 3. Anza nalo Jumatatu, kabla ya mengine yote, ukiwa bado hujachoka.